Maji Yaliyoitwa Baridi

Watu walimwita Kipimo, na jina hilo hakuliokota barabarani. Alilipata kazini, katika chumba cha dobi cha hoteli moja kubwa, enzi ambazo nywele zake zilikuwa bado nyeusi na tumbo lake bado linaingia kwenye suruali bila kubembelezwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupasha pasi ishirini na mbili na kuzigawa: hii ya hariri, hii ya pamba, hii ya mashuka. Msimamizi wa dobi, mzee mkali asiyeamini vipimajoto hata kidogo, alimfundisha kulowesha kidole, kugusa chuma na kukiondoa upesi kama mtu anayedokoa sukari. Mwaka haukuisha, kijana akawa anagusa pasi na kusema bila kutazama imefikia wapi na inafaa nguo gani. Wenzake wakaanza kumletea vikombe vya maji wamjaribu, naye anapatia kila mara. Basi akawa Kipimo, na hata mama yake mzazi aliyemchagulia jina zuri la babu yake aliishia kumwita hivyo hivyo.

Hoteli ilipofungwa, Kipimo alifungua duka la kutengeneza vifaa vya nyumbani. Lilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ya mbao, rafu tatu, na safu ya pasi, birika za umeme, feni na mashine za kusagia matunda, vyote vikisubiri zamu yao kama wagonjwa kwenye benchi. Kwa miaka thelathini aliwalea mabinti zake pacha, akawasomesha, akawaoza, kwa kazi ya vidole hivyo. Mteja akileta kifaa, Kipimo hakukimbilia bisibisi. Alifumba macho, akagusa hapa na pale, kisha akasema, "Waya wa chini umelegea," na ukifungua unakuta umelegea kweli. Kufumba macho hakukuwa lazima, tusifiche. Alipenda kutazamwa.

Ganzi ilianza na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, kimya kimya, miezi minane kabla ya siku tunayoisimulia. Asubuhi moja alidhani amekilalia. Akakisugua, akakitikisa, akakisahau. Wiki ya pili ganzi ikahamia kidole cha pete. Baadaye skrubu ndogo zikaanza kumponyoka na kutawanyika sakafuni, naye akawa anapiga magoti kuzitafuta huku akizitukana kana kwamba zimeruka zenyewe. Alijua ni nini, na hilo ndilo linaloniuma mimi msimulizi, kwamba alijua tangu mwanzo. Kaka yake mkubwa, dereva wa malori, alianza hivi hivi: vidole vya mikono, kisha nyayo, kisha siku moja akakanyaga msumari asisikie, akaendesha lori siku mbili nzima na msumari ndani ya kiatu. Madaktari wakasema ni kisukari. Wakakata mguu chini ya goti, na kabla mwaka haujaisha wakakata wa pili juu ya goti. Kipimo ndiye aliyekuwa akimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka wiki waliyomzika.

Kwa hiyo akafanya kile ambacho wanaume wengi wenye akili timamu hufanya: hakwenda hospitali. Alijiambia ni uzee. Alijiambia ni bisibisi, miaka thelathini ya kukamata mpini mmoja. Palikuwa na zahanati kwenye kona ya mtaa wa duka lake, na kila alipoikaribia alivuka barabara akapita upande wa pili, kama mtu aliyegombana na wenyewe. Akiwa peke yake dukani alipima joto la pasi kwa kuisogeza karibu na shavu. Watu wakiwepo alitumia vidole, na kwa kweli alikuwa akikisia tu, lakini mtu aliyefanya kazi moja maisha yake yote hukisia vizuri. Tena alikuwa na vitatu alivyoviamini, dole gumba na viwili vinavyofuata. Hivyo ni vizima, alijiapia.

Jumanne hiyo, saa tatu asubuhi, aliitwa kwa Mama Mkutubi.

Mama Mkutubi alikuwa amestaafu kazi ya maktaba, umri wake miaka sabini na minne, akiishi peke yake ghorofa ya pili, mitaa miwili kutoka dukani. Kusoma maandishi madogo kulikuwa kumemla macho, na miwani yake ilikuwa minene kama kitako cha chupa. Binti yake aliyekuwa mbali alimnunulia mashine ya kahawa, ile ndogo ya kuweka jikoni, yenye tangi la maji nyuma, mpini wa kahawa mbele, na chini yake kisinia cha kukinga matone. Alikunywa vikombe viwili kwa siku, cha saa moja asubuhi na cha saa kumi alasiri, wala hakupitisha hata dakika tano. Lakini ili aone kikombe kinavyojaa, ilimbidi ainame mpaka pua ikaribie chuma.

"Nikikaa mbali naona ukungu tu, fundi wangu," alimwambia huku akimwonyesha. "Lazima niisogelee kama vile tunasengenya watu."

"Na shida yake ni nini, Mama?"

"Maji. Yanatapakaa mezani kukizunguka hicho kisinia. Nakimwaga, nakikausha, nakirudisha, na kabla sijamaliza kikombe meza imelowa tena. Nilianza kufikiri ni mimi nazeeka, nasahau kumwaga."

"Wewe uzeeke uende wapi," alisema Kipimo, na mama akacheka.

Jirani wa mlango wa pili, mama mmoja mshona mapazia, aliingia na futi yake shingoni. Alikuwa amesikia kwamba Kipimo yupo, na alitaka kuona kama yale anayosimuliwa ni kweli. Kwa hiyo sasa Kipimo alikuwa na watazamaji wawili.

Alianza vizuri, kwa utaratibu wake wa siku zote. Alikitoa kisinia, akakijaza maji juu ya sinki, akakishikilia kwenye mwanga wa dirisha. Hakikuwa na ufa. Akakirudisha na kukisukuma mpaka kikalia tak, maana visinia vingi huvuja kwa sababu tu havikuingia hadi mwisho. Akakausha meza, akakausha na kitako cha mashine kwa nje, akatandaza karatasi nyeupe chini yake, kisha akamwomba mama atengeneze kikombe kimoja. Wote watatu wakakodolea karatasi macho. Doa la kwanza halikutokea mbele, chini ya kisinia. Lilitokea nyuma, likatambaa polepole kuelekea mbele.

"Umeona?" alisema Kipimo. "Kisinia kinasingiziwa. Maji yanatoka huku ndani, yanafuata mteremko, ndiyo maana unayakuta hapa mbele. Sasa huku ndani kuna pande mbili. Yakiwa yanatoka kwenye tangi yatakuwa baridi, na dawa yake ni kipira kidogo kama pete ya mtoto. Yakiwa yanatoka kwenye boila, kile chombo cha kuchemshia maji, yatakuwa ya moto, na hayo ndiyo ya kuogopa. Maana yake mpira mnene unaofunga boila umechoka, na siku ukiachia hauachii kwa adabu. Unamrushia mtu maji yanayochemka na mvuke wake."

"Usinitishe," alisema Mama Mkutubi.

Akachomoa plagi, akalegeza skrubu nne, akainua kifuniko. Kati ya tangi na boila palikuwa na upenyo mwembamba, tochi haifiki, jicho halifiki. Kidole kinafika.

"Tazama sasa," mama akamnong'oneza mshona mapazia. "Anapima."

Kipimo akafumba macho na kuingiza vidole viwili kwenye upenyo, kile cha shahada na cha kati, akavituliza huko chini. Wanawake walishika pumzi. Naye hakusikia kitu. Hakusikia moto wala baridi, hata umajimaji wenyewe hakuusikia. Ilikuwa kama ameingiza vidole vya mtu mwingine. Akavizamisha zaidi, akangoja zaidi, akijiambia kwamba maji ya moto yangemshtua, hakuna binadamu asiyeshtuka kwa maji ya moto, kwa hiyo kama hashtuki basi. Na ule utupu, mbele ya wanawake wawili waliokuwa wakimngoja aseme, akauita baridi.

"Ni baridi," alisema. "Ni tangi."

Mshona mapazia alipiga makofi kabisa.

Alibadilisha kipira cha tangi, ambacho kwa bahati kilikuwa kimekauka na kupasuka kweli, akakausha kitako cha ndani, akafunga kila kitu, akaiwasha mashine. Kikombe kilijaa na karatasi ikabaki kavu. Ingebakije vinginevyo? Boila inapovuja kidogo kidogo, maji hujikusanya kwanza kwenye kitako cha ndani, na yeye alikuwa amekikausha muda huo huo. Kikombe kimoja hakikutosha kukijaza hata nusu. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote katika mji ule. Kwa kawaida angepitisha vikombe vinne, vitano, ndipo aseme kazi imekwisha. Siku hiyo alikuwa na hamu ya kutoka. Mama alimkaribisha kahawa, akasema ana haraka, akashuka ngazi bila kuaga vizuri.

Saa saba alikuwa nyumbani kwa chakula cha mchana. Mkewe, Mama Pacha, alimwekea supu mezani, akavuta kiti, akakaa mbele yake. Kipimo alipochukua kijiko, mkewe akaushika mkono wake na kuugeuza.

"Umeungua wapi, Baba Pacha?"

Alitazama. Kwenye kidole cha shahada na cha kati palikuwa na malengelenge mawili meupe, yamevimba, yamejaa maji, kila moja kama punje ya hindi.

"Chuma cha kulehemu," alisema.

"Leo umelehemu nini?"

"Redio."

Mkewe alikwenda chumbani akarudi na kichupa cha dawa, akampaka taratibu, akipuliza, na Kipimo alimtazama anavyopaka bila kusikia dawa wala pumzi. Hakuwa amegusa chuma cha kulehemu tangu wiki iliyopita. Alianza kurudi nyuma kichwani: ufunguo wa duka, mpini wa bisibisi, kifuniko cha mashine, upenyo. Hapo akakwama. Maji baridi hayamtoi mtu malengelenge.

Supu hakuigusa. Aliona akilini mpira mnene wa boila ukilika taratibu, na mama mtu mzima ameinama mbele yake, pua kwenye chuma, saa kumi kamili. Saa ya ukutani ilisema saa saba na nusu. Aliinuka, akasema anakwenda kupunga upepo, akapiga simu akiwa nyuma ya nyumba karibu na kamba ya nguo.

"Fundi wangu!" Mama Mkutubi aliitika kwa furaha. "Nilikuwa nakusifia sasa hivi hapa."

Yalikuwa maneno manne tu. Mama, usiiwashe hiyo mashine. Alikuwa ameyapanga tayari kwenye ulimi. Lakini nyuma ya maneno hayo alikuwa anaona swali linakuja: kwa nini, si ulisema ni baridi? Na nyuma ya swali hilo aliona kiti cha magurudumu.

"Nilitaka kujua kama maji yamekoma," alisema.

"Yamekoma kabisa! Meza kavu. Mungu akupe maisha marefu. Mshona mapazia amewaambia jengo zima, jiandae kwa wateja. Haya, mimi najilaza kidogo."

"Haya, Mama. Lala salama."

Lala salama! Alimwambia hivyo. Ukitaka kumjua mtu mwoga, usimtafute anayepiga kelele. Mtafute anayemtakia mwenzake usingizi mwema huku anajua analojua. Kwa dakika chache Kipimo hata alijisikia nafuu, kwa sababu meza ilikuwa kavu, yeye mwenyewe mama amesema. Kisha akakumbuka kile kitako cha ndani kinachojaa taratibu kabla maji hayajapata njia ya kutoka, na nafuu yote ikamwisha. Akapiga tena. Simu ilikuwa imezimwa. Mama Mkutubi alikuwa mtu wa maktaba, akilala anazima kila kitu kinachoweza kulia.

Mtu mwingine angekwenda hapo hapo. Kipimo alikwenda dukani. Alikaa nyuma ya kaunta, akafungua birika la mteja, akalifunga, akalifungua tena. Saa nane ikapita. Alitunga uongo wa kumwendea nao: nimesahau bisibisi, nataka kukaza skrubu, kiwanda kimetoa tangazo. Kila uongo aliutunga vizuri mpaka mwisho, na mwisho wa kila uongo ilikuwa lazima aguse yale maji tena, mbele ya mama, na aseme ni ya moto au baridi. Alibonyeza malengelenge kwa ukucha wa dole gumba. Akabonyeza kwa nguvu mpaka moja likapasuka. Hakusikia kitu. Alivibonyeza vidole vyote kumi kwa ncha ya bisibisi, kimoja kimoja, kama mwalimu anayeita majina darasani, na vilivyoitika vilikuwa viwili tu, vyote vya mkono wa kushoto. Akaanza kulia pale pale, mtu mzima, mgongo kwa mlango ili wapita njia wasimwone.

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili alifunga duka.

Alianza kwa kutembea, kwa kuwa alikuwa na heshima zake mtaani. Alipofika kwa wauza matairi heshima zikamshinda, akatoka mbio. Lori lilikuwa linashusha saruji mbele ya duka la vifaa vya ujenzi na kuziba njia yote, akapenya ubavuni akatoka mweupe bega zima. "Kipimo, kuna moto wapi?" mtu alimpigia kelele kutoka saluni. Kichwani hakuwa na kitu ila uso wa mama yule, ngozi yake laini ya uzee, miwani yake. Kwenye ngazi za jengo alijikwaa mara mbili. Alizikanyaga kama anakanyaga magodoro, hakuwa na uhakika mguu umefika au haujafika, na hofu mpya ikamwingia juu ya ile ya kwanza, maana ya miguu alikuwa hajawahi kukubali kuifikiria.

Aligonga kwa ngumi.

"Ingia, pako wazi!" sauti ilitoka jikoni. Pampu ya mashine ilikuwa tayari inanguruma.

Mama Mkutubi alikuwa ameinama pale pale, kiwiko mezani, pua karibu na chuma, anangoja kahawa yake. Mbele ya kisinia maji yalikuwa yametanda tena, yakitoa mvuke mwembamba ambao macho yake hayakuweza kuuona. Kipimo hakusalimia. Alimkamata mtu mzima yule bega na kumvuta nyuma kwa nguvu, mpaka miwani ikamdondoka.

"We fundi! Umepatwa na nini?"

Hapo mpira ukaachia. Ulitoa mlio mmoja mfupi, na maji ya moto yakaruka kutoka ubavuni, juu kidogo ya kisinia, mahali hasa palipokuwa na uso wa mama. Mvuke ukajaa kati yao na dirisha. Kipimo alipeleka mkono wa kulia nyuma ya mashine kutafuta swichi. Ilikuwa mbali, upande wa ukuta, na maji yalikuwa yanamwagika juu ya mkono huo kuanzia kifundo mpaka kwenye kucha. Aliipapasa bila haraka. Hakuweza kuihisi, ikabidi aichungulie kupitia mvuke, akaipata, akaizima. Pampu ikanyamaza.

"Nimezima, Mama," alisema kwa utulivu. "Usiogope, imekwisha."

Mama Mkutubi ndiye aliyepiga yowe. Bila miwani aliona ukungu tu, lakini katika ukungu ule aliuona mkono, mwekundu, bado umelala ndani ya maji yanayofuka.

"Mkono wako! Fundi, mkono! Utoe!"

Aliuinua mkono na kuutazama. Ngozi ilikuwa imeanza kujikunja juu ya vidole. Mama alimvuta mpaka kwenye sinki, akafungua bomba la maji baridi hadi mwisho, akauweka mkono chini yake na kuushikilia hapo kwa mikono yake yote miwili.

"Unasikia nafuu? Maji yanapoza?"

Kipimo alitazama maji yanavyompitia vidoleni.

"Nakuuliza, unasikia baridi?"

"Sijui, Mama."

"Hujui vipi?"

Maji yaliendelea kumwagika. Hakukuwa na mshona mapazia, hakukuwa na mtu wa kumpigia makofi.

"Asubuhi nilikwambia maji ya ndani ni baridi," alisema. "Sikuwa najua. Sikusikia kitu, nikasema baridi. Mchana nikaona vidole vimeungua, nikakupigia simu nikuambie, nikashindwa. Nimekaa dukani karibu saa mbili. Nilikuwa najua, na nimekaa."

Mama Mkutubi alimwachia mkono, akaushika tena.

"Ungeniua, fundi," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Au ungenipofua haya macho yaliyobaki."

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo ndiyo! Mimi nimekusifia kwa watu!" Sasa alikuwa na hasira kweli, sauti yake ilipanda, na bado hakuutoa mkono wake kwenye maji. "Ganzi hii imekupata lini?"

"Miezi minane sasa. Mikono. Na leo nadhani na miguu."

"Umeonana na daktari?"

"Hapana."

"Mkeo anajua?"

"Hajui mtu. Naogopa, Mama." Alijiegemeza kwenye sinki. "Naogopa sana. Watanikata."

Mama Mkutubi alipapasa sakafuni kwa mguu mpaka akaipata miwani, akainama akaiokota, akaivaa. Kioo kimoja kilikuwa na ufa. Alitoa simu ya Kipimo kwenye mfuko wa shati lake bila kuomba ruhusa, akaileta karibu na pua.

"Umemwandika vipi?"

"Mama Pacha."

Alibonyeza, akaweka sauti ya juu, akamshikia simu karibu na mdomo. Iliita mara moja tu.

"Baba Pacha?"

"Nimeungua," alisema. "Mkono wote. Niko kwa Mama Mkutubi. Mke wangu, kuna kitu sijakuambia. Mikono yangu haisikii…"

"Najua."

Alidhani hakusikia vizuri. "Unajua nini?"

"Najua tangu siku ulipoipua sufuria motoni kwa mikono mitupu, ukasimama nayo ukaniuliza uiweke wapi. Miezi mitano sasa. Chai yako naipooza kwanza ndipo nikuletee, maana unakumbatia kikombe."

"Na leo? Ile habari ya redio?"

"Hakuna redio dukani kwako. Mimi ndiye niliyekuletea kahawa jana pale, nikaziona rafu zako zote."

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

Upande wa pili alimsikia anapumua kwa shida, na akajua kwamba analia.

"Nilimwosha kaka yako vidonda pamoja na wewe," alisema mkewe. "Nikisema mimi, ndiyo limekuwa kweli. Kila siku nilikuwa nangoja useme wewe."

Mama Mkutubi aligeuza uso ukutani, simu bado ameishika.

"Uko hapo?" Mama Pacha aliuliza.

"Nipo."

"Usiutoe mkono kwenye maji. Usiondoke. Nakuja tunakwenda hospitali hivi hivi tulivyo, wala usifikirie kunizungusha."

"Sikuzungushi," alisema. "Njoo upesi."

Simu haikukatwa. Alisimama kwenye sinki na kumsikiliza mkewe akitafuta funguo chumbani, akivuta droo, akizungumza peke yake kwa sauti ya chini, akijiuliza walikoiweka kadi ya hospitali.